Mvi: Upake au Uache?

Safari hii safu nzima tumeiachia mvi, maana barua zake zimekuwa nyingi. Wengi mnauliza rangi ipi ni nzuri. Kabla ya hilo tungependa kila mmoja ajiulize: siku nikichoka na rangi hii, nitatokaje? Rangi ya juu juu huondoka kwa maji na shampuu. Rangi ya kudumu haiondoki. Unywele ulioipata hubaki nayo mpaka ukatwe. Majibu yetu mengi yanarudi hapo.

SWALI: Nina miaka 47. Mvi zimenianza kwenye panja na sasa zinapanda kuelekea utosini. Dada zangu wanasema nipake, mume wangu anasema niache. Mimi mwenyewe leo nataka, kesho sitaki. Niamue vipi?

JIBU: Dada, waweke kando kidogo hao wote, tupige hesabu. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, na zilizojikunja sana huwa pungufu kidogo ya hapo. Ukipaka nyeusi kwenye kichwa ambacho nusu yake ni mvi, wiki ya 2 au ya 3 utaona uzi mweupe pale unapogawia nywele. Ikifika wiki ya 6, hata aliyekaa upande wa pili wa chumba atauona. Hiyo ni kupaka mara 8 hadi 12 kwa mwaka, kila mara saa moja na nusu hivi pamoja na kuosha, na kila mara ngozi ya kichwa inakutana na kemikali upya. Kama hesabu hiyo haikusumbui, paka bila wasiwasi. Kama umeisoma ukachoka, nusu ya jibu unayo tayari.

Sasa pima mvi zenyewe. Kaa karibu na dirisha mchana, usitegemee taa, gawa nywele mafungu manne, kisha tazama panja, utosi na kisogo kwa kutumia kioo cha pili. Mvi za wengi huanzia panja na kuchelewa kisogoni, kwa hiyo kioo cha mbele hukuonyesha mvi nyingi kuliko zilizomo kichwani kwa jumla. Zikiwa chini ya robo, rangi ya kudumu huihitaji bado. Zikiwa kati ya robo na nusu, kuna rangi ya kati inayozichanganya mvi na nywele nyeusi bila kuzifuta kabisa, nayo hufifia polepole pasipo kuacha mstari. Zikipita robo tatu mambo hugeuka: huo ndio wakati rangi nyeusi inapokuwa kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa kila milimita inayoota ni nyeupe, na ndio wakati mvi zikiachwa hupendeza zaidi, kwa kuwa zimekuwa rangi moja.

Urefu wa nywele nao una neno lake. Mwenye nywele za sentimita 3 akipaka na kujuta, miezi mitatu hadi minne na kunyoa mara kadhaa vinammalizia deni. Mwenye nywele za sentimita 30 atakaa na majuto miaka miwili na zaidi. Ndiyo maana mwenye nywele fupi tunamwambia ajaribu anachotaka, na mwenye nywele ndefu tunamshika mkono kwanza.

Kwa hali yako, anza na rangi ya juu juu kwenye panja peke yake. Kaa nayo mwezi, iache ififie, kaa mwezi mwingine bila rangi, halafu uamue. Ukija kupaka rangi ya kudumu, usichukue nyeusi tii. Uso hubadilika kadiri miaka inavyokwenda, na weusi wa kibao pembeni yake huufanya uonekane umekunjamana zaidi. Kahawia iliyokoza, ngazi moja au mbili juu ya rangi uliyozaliwa nayo, humkaa mtu vizuri, na mstari wa nywele mpya huchelewa kuonekana.

SWALI: Nina miaka 28 na mvi zimetapakaa. Je, nina ugonjwa? Na kuna mafuta yanayozirudisha kuwa nyeusi? Pia naambiwa nikiing'oa moja zitaota mbili.

JIBU: Kwa watu wenye asili ya Afrika, mvi huitwa za mapema zikianza kabla ya miaka 30; kwa wenye asili ya Asia ni kabla ya 25, na kwa wenye asili ya Ulaya kabla ya 20. Mara nyingi ni urithi tu. Muulize mama, baba, wajomba na shangazi zako walianza lini. Hata hivyo, kwa umri wako inafaa kupima damu: vitamini B12, tezi ya shingo na madini ya chuma. Upungufu wa B12 ni mojawapo ya sababu chache ambazo zikitibiwa, nywele zinazoota baadaye huweza kurudi na weusi wake. Sigara nayo imehusishwa na mvi za mapema.

Mafuta hayawezi. Weusi wa nywele ni melanini, inayotengenezwa na seli maalumu ndani ya ngozi, chini kabisa ya shina la unywele, na kupachikwa humo wakati unywele unajengwa. Seli hizo zikipungua, unywele hujengwa bila rangi. Kilichokwisha kutoka nje ya ngozi hakina uhai, na chochote unachokipaka juu yake ama kitautia rangi ama kitaulainisha. Mafuta yakikuonyesha kwenye kioo kwamba nywele zimekuwa nyeusi, ujue yametiwa rangi.

Kung'oa hakuzalishi mvi ya pili. Tundu moja hutoa unywele wake uleule. Lakini ukiling'oa tundu hilohilo mara kwa mara linaumia, unywele unarudi umejikunja vibaya, unaingia ndani ya ngozi na kuleta kipele, au haurudi tena. Ikate kwa mkasi mdogo karibu na ngozi.

SWALI: Paketi za rangi zinanichanganya. Nimepaka mara tatu nyumbani na kila mara mvi za mbele zinakataa kabisa, huku ncha zinazidi kuwa nyeusi kama mkaa. Nakosea wapi?

JIBU: Makosa yako ni mawili, na yote yanatibika. Tuanze na paketi.

Rangi ya juu juu haina peroksaidi, ile dawa inayofungua na kupausha unywele. Hukaa juu ya unywele na kuondoka baada ya kuosha mara 6 hadi 12. Kwenye mvi hutoa kivuli tu, haifuniki. Rangi ya kati ina peroksaidi hafifu, kwa kawaida chini ya asilimia 4, na hudumu kuosha mara 20 hadi 28 hivi. Rangi ya kudumu ina amonia au mbadala wake, ambayo huinua magamba ya unywele, na peroksaidi ya haidrojeni ambayo huunganisha chembe ndogo za rangi ndani ya unywele mpaka zikawa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka. Mvi zilizo zaidi ya nusu ya kichwa hufunikwa na hii ya mwisho peke yake, kwa hiyo usiilaumu ya kati kwa kazi isiyo yake.

Kwa mvi, peroksaidi inayofaa ni ya asilimia 6. Kwenye chupa nyingi huandikwa pia 20. Ya asilimia 3 haifungui unywele vya kutosha. Ya asilimia 9 au 12 hupausha nywele zako nyeusi zilizobaki, zikatoka na wekundu, na mvi zikabaki na rangi nyepesi inayopitisha mwanga. Wapo wanaodhani kali zaidi ndiyo bora zaidi. Kwa mvi ni kinyume.

Tazama pia namba ya rangi. Namba ya kwanza ni ukolezi: 1 ni nyeusi, 3 kahawia iliyokoza, 5 kahawia nyepesi, na huendelea hadi 10. Tarakimu inayofuata nukta ni mguso wa rangi. Kwa mvi nyingi, angalau nusu ya mchanganyiko iwe rangi ya asili isiyo na mguso, ambayo huandikwa N au 0 baada ya nukta. Unywele wa mvi hauna kitu ndani, kwa hiyo ukiupa wekundu mtupu utang'aa kama karoti.

Osha nywele siku moja au mbili kabla, zisiwe na jeli wala mafuta mazito, lakini usizioshe siku ileile; mafuta ya asili ya ngozi hukinga kichwa kisichome. Vaa glavu. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi kandokando ya nywele na masikioni, bila kugusa nywele, kwa sababu palipoguswa rangi haitashika. Changanya kwenye bakuli la plastiki au kioo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, ambacho kwa kawaida ni gramu 60 za rangi kwa mililita 60 hadi 90 za peroksaidi. Bakuli la chuma huweza kuiharibu peroksaidi kabla haijafanya kazi. Nywele fupi hutosheka na kiasi hicho. Zinazofika mabegani huhitaji mara mbili yake. Mchanganyiko uliobaki umwage. Usiufunge kwenye chupa, maana huendelea kutoa gesi na chupa hupasuka.

Mvi za mbele hukataa kwa sababu magamba yake mara nyingi yamebana sana, na kwa sababu watu wengi huanza kupaka kisogoni na kumalizia mbele, sehemu ngumu ikapata dakika chache kuliko zote. Anza nazo. Gawa kichwa mafungu manne, kisha chukua vipande vyembamba vya nusu sentimita, uweke rangi nzito hadi usiuone unywele chini yake. Usiisugue mpaka ikonde. Wengi huweka kidogo kama wanaopaka losheni, halafu wanailaumu kampuni. Hesabu muda kuanzia ulipomaliza kupaka, wala si ulipoanza. Kwa mvi ni dakika 35 hadi 45 kadiri paketi inavyosema. Chumba cha baridi hupunguza nguvu ya rangi.

Zikikataa hata hivyo, zilainishe kwanza. Chukua peroksaidi ya asilimia 6 iliyo majimaji, paka kwa pamba kwenye mvi sugu peke yake, subiri dakika 10 hadi 15, kausha bila kusuuza, halafu paka rangi kama kawaida. Hii hufungua magamba na mara nyingi humaliza ubishi.

Ncha kuwa nyeusi tii ndilo kosa la pili: unapaka kichwa kizima kila mara. Ncha zilishapata rangi mara zote zilizopita na zimekuwa na vitundu, kwa hiyo hunywa kupita kiasi. Baada ya mara ya kwanza, paka nywele mpya tu. Kama ncha zimefifia, zivutie rangi kwa chana dakika 5 za mwisho, basi. Ukimaliza, ongeza maji kidogo ya uvuguvugu, usugue ngozi taratibu dakika moja au mbili ili rangi iachie, suuza hadi maji yawe meupe, weka kondishena, na usiguse shampuu kwa siku 2 hadi 3.

SWALI: Nataka kuepuka kemikali. Nikipaka hina mvi zinakuwa rangi ya chungwa. Jirani yangu anatumia hina nyeusi ya paketi na zake zinakolea vizuri. Ni salama?

JIBU: Mama, hina halisi ni majani ya mhina yaliyosagwa, na haina weusi ndani yake. Rangi yake huitwa lawsone, na juu ya unywele mweupe ni ya chungwa au shaba, leo na siku zote. Kitu chochote kinachoitwa hina nyeusi kimeongezewa jingine: ama nili, ambayo ni majani, ama PPD, ambayo ni kemikali ileile ya rangi za kudumu na wakati mwingine kwa kipimo kisichojulikana, ama chumvi za madini. Soma orodha. Kama hakuna orodha, usinunue.

Weusi wa majani hupatikana kwa hatua mbili. Koroga hina kwa maji ya uvuguvugu na maji ya limau, iache saa 8 hadi 12 itoe rangi, paka, kaa nayo saa 2 hadi 4, suuza vizuri. Gramu 100 hutosha nywele fupi, gramu 200 zinazofika mabegani. Kisha koroga unga wa nili kwa maji ya uvuguvugu peke yake na chembe za chumvi, bila limau. Uache dakika 10 hadi 15 na uupake papo hapo, kwa sababu nguvu yake hufa haraka. Kaa nao saa 1 hadi 2. Ukisuuza usishtuke ukiona ukijani. Rangi hukolea kwa siku 2 au 3, na shampuu isubiri hadi zipite. Nili bila hina chini yake huziacha mvi na ubluu. Ukizichanganya pamoja nusu kwa nusu utapata kahawia.

Lakini lipo lile jambo la njia ya kutokea. Hina na nili ni za kudumu kweli. Ukichoka ukataka kupaushwa saluni, nili huweza kugeuka kijani, na dawa za kuondoa rangi haziigusi. Hatari kubwa zaidi iko kwenye zile za chumvi za madini: peroksaidi ikikutana nazo hutoa joto, na nywele huweza kukatika palepale. Kama hujui ulichotumia zamani, chukua nywele chache zilizobaki kwenye chana, uzitumbukize kwenye mililita 20 za peroksaidi ya asilimia 6 iliyotiwa matone 20 ya maji ya amonia, ukae mbali na mvuke wake, usubiri dakika 30. Kioevu kikipata joto, kikichemka, au nywele zikibadilika rangi ghafla au kulainika na kukatika, usipake rangi ya peroksaidi mpaka nywele hizo zimekatwa zote.

Jambo moja zaidi, na tunaliomba kwa uzito: mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, asipakwe hina, hasa mtoto. Lawsone hupenya kwenye ngozi na kuvunja chembe nyekundu za damu.

SWALI: Nilipaka rangi Jumamosi, Jumapili usiku kichwa kikaanza kuwasha, Jumatatu macho yamevimba. Nimetumia rangi hiyohiyo miaka mingi. Je, ilikuwa mbovu?

JIBU: Huenda rangi ilikuwa nzima kabisa, mwili wako ndio uliobadilika. Dalili zako zinafanana na mzio wa PPD. Hujengeka kimyakimya kwa miaka, halafu siku moja unajitokeza, kwa kawaida kati ya saa chache na siku 3 baada ya kupaka. Nenda kwa daktari sasa, na ukipata shida ya kupumua nenda kwenye dharura hata kama ni usiku. Mzio huu hauponi. Mara ijayo utakuja mapema na kwa nguvu zaidi, kwa hiyo rangi yoyote yenye PPD umeachana nayo leo, hata ile ya kuchorea ngozi.

Omba kipimo cha ngozi kwa daktari wa ngozi ili ujue ni kemikali gani hasa. Zipo rangi zilizoondoa PPD na kuweka ndugu yake, toluini diamini, na baadhi ya wenye mzio wa PPD huzikataa hizo pia. Maandishi ya "haina amonia" hayakusaidii lolote hapa. Amonia ni suala la harufu na kuchoma, haihusiki na mzio wako. Mwambie pia daktari wa meno, kwa sababu dawa ya ganzi ya benzokaini huweza kuchokoza mzio huohuo.

Kwa wengine wote: paka tone nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko saa 48 kabla, kwa jinsi paketi inavyoelekeza, kila mara, hata kama ni rangi uliyoizoea. Na usimchore mtoto kwa hina nyeusi. Wapo wanaopata mzio wa maisha yote kwa mchoro mmoja wa sherehe.

SWALI: Nasikia rangi ya nywele inaleta saratani. Ukweli ni upi?

JIBU: Shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeweka kazi ya ususi na unyozi kwenye kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, kwa sababu watu hao hugusa rangi kila siku kwa miaka. Kwa anayejipaka mwenyewe, IARC ilisema ushahidi hautoshi kumweka kwenye kundi hilo.

Baadaye zikaja tafiti mbili kubwa. Ya mwaka 2019 nchini Marekani ilifuatilia wanawake 46,709 ambao dada zao waliwahi kuugua saratani ya matiti. Waliotumia rangi ya kudumu walikuwa na hatari ya saratani hiyo iliyozidi kwa asilimia 9, na kwa wanawake weusi asilimia 45. Ya mwaka 2020 ilifuatilia wauguzi wanawake 117,200 wa nchi hiyohiyo kwa miaka 36, haikukuta ongezeko kwa saratani nyingi, ila ongezeko dogo kwa aina chache. Wengi wao walikuwa weupe, kwa hiyo haimalizi swali la ile ya kwanza. Elewa pia kwamba asilimia 45 ni ongezeko juu ya hatari uliyo nayo. Haina maana kwamba watu 45 kati ya 100 wataugua. Kwenye utafiti ule wa 2019, rangi za juu juu hazikuonyesha ongezeko la maana.

Maoni yetu: kama mama au dada yako aliugua saratani ya matiti, na mvi zako si nyingi, tungekushauri ubaki na rangi ya juu juu au uache. Wengine wapunguze mara za kupaka, wapake nywele mpya tu, wafungue madirisha, na wasizidishe dakika. Mjamzito anaweza kusubiri wiki 12 za mwanzo zipite. Kinachopenya kwenye ngozi ya kichwa kisicho na vidonda ni kidogo sana.

SWALI: Natia dawa ya kulainisha nywele. Naweza kupaka rangi siku hiyohiyo ili nimalize yote?

JIBU: Hapana. Dawa kwanza, rangi ya kudumu baada ya wiki 2, na si kinyume chake. Dawa huvunja viunganishi vya unywele, peroksaidi huongeza uharibifu, na vikikutana siku moja nywele hukatika pale pale shina linapotokea. Kichwa chenye vidonda vya dawa kisiguswe na rangi yoyote mpaka kipone. Rangi ya juu juu isiyo na peroksaidi ndiyo pekee inayoweza kuvumilika karibu na dawa.

SWALI: Ndevu zangu zimekuwa nyeupe kabla ya kichwa. Naweza kutumia rangi ya kichwa?

JIBU: Kaka, ngozi ya uso ni laini kuliko ya kichwa, kwa hiyo tafuta rangi iliyotengenezwa kwa ndevu, ambayo nyingi hukaa dakika 5 tu, na ufanye kipimo cha saa 48 kama wengine. Chagua ngazi moja nyepesi kuliko unavyodhani. Ndevu nyeusi tii huonekana zimebandikwa. Mstari mweupe utatokea ndani ya wiki moja, kwa kuwa zimekatwa fupi. Hapo wengi huchoka, na kunyoa ndiyo njia ya kutokea.

Kuna rangi za wanaume zinazotia weusi kidogo kidogo kila siku. Zamani baadhi zilitumia asetati ya risasi, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, iliamua kuifutia idhini. Ukiiona kwenye orodha, iache. Nyusi na kope usiziguse kabisa kwa rangi ya nywele. Miaka ya 1930 huko Marekani rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya PPD, ilipofusha watu.

SWALI: Nina miaka 58, nimepaka nyeusi kwa miaka 15, nywele zinafika mabegani. Nimechoka, nataka kuacha. Nitapitaje kipindi cha rangi mbili bila kuonekana nimejitupa?

JIBU: Mama yetu, kwa urefu huo ukiacha ziote zenyewe ni miaka miwili au zaidi, na miezi ya 3 hadi ya 8 ndiyo migumu, kwa sababu mstari uko wazi na weupe haujatosha kuwa mtindo. Chagua njia moja kati ya hizi.

Ya haraka ni kukata. Subiri zifike sentimita 3 au 4, kisha kata zote zenye rangi. Nywele zilizojikunja huonekana fupi kuliko urefu wake, kwa hiyo zivute kidogo uone kabla ya kukata usije ukashtuka.

Ya pili ni kuvunja mstari. Kila baada ya wiki 6 hadi 8, msusi apake rangi ya kati kwenye vipande vyembamba vya maoteo, aviache vingine vyeupe, huku akipunguza ukolezi kila mara. Jicho likikosa mstari ulionyooka haligundui. Gawa nywele kwa kuzungusha, usizigawe kwa mstari mnyoofu. Misuko na misokoto huficha vizuri pia, mradi isivute mbele. Panja za umri wako zikinyonyoka hazirudi kirahisi.

Ya tatu, kupausha rangi yote saluni ili ifanane na mvi, hatuipendi kwa nywele zilizopakwa nyeusi miaka 15. Itahitaji vikao kadhaa, zitapita kwenye wekundu na uchungwa, na nyingi zitakatika njiani. Dawa za kuondoa rangi hupunguza weusi wa rangi ya kudumu, lakini zisiposuuzwa muda mrefu wa kutosha weusi hurudi ndani ya siku moja au mbili, na haziwezi kukurudishia mvi.

Mvi zikishatoka zitunze tofauti na ulivyozoea. Ngozi hutoa mafuta kidogo kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo nywele hukauka: weka kondishena kila unapoosha, na pasi ya nywele isizidi nyuzi 180 za sentigredi, maana joto huzichoma zikawa za manjano na manjano hiyo haitoki. Moshi wa sigara, jua na madini ya maji nayo huleta umanjano. Huo wa juu juu huondolewa na shampuu ya zambarau: mara moja kwa wiki, dakika 2 hadi 5, kisha suuza. Ukiona mvi zimebaki na uzambarau, umeiacha mno. Oshea shampuu ya kawaida mara mbili, itatoka, na wiki inayofuata anza na dakika moja.